Mama mkwe hasikii harufu, na mimi ndiye pua yake

Mshauri wetu mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi. Mimi ni msomaji wako tangu nikiwa kidato cha pili, wakati tulipokuwa tunaficha gazeti ndani ya daftari la jiografia ili tukusome mwalimu akiwa ameligeuzia darasa mgongo, na sikuwahi kufikiri kwamba ningekuja kukuandikia mwenyewe, maana niliona wanaokuandikia ni watu wenye matatizo, na mimi sina tatizo, mimi nina furaha mpaka wakati mwingine naona aibu mbele ya watu. Lakini naomba msaada wako hivyo hivyo, kwa sababu furaha yenyewe imeniletea kitu ambacho sijui nikishike vipi.

Nina miezi minne na siku tisa kwenye ndoa, na ndiyo, nahesabu. Mume wangu ni seremala. Mimi nauza mikate na keki kwenye bekari, na hivyo ndivyo tulivyojuana, alikuwa anakuja kila siku kununua mkate mmoja, siku nyingine mara mbili kwa siku, anasimama pale kaunta na vumbi la mbao kwenye nyusi anauliza kama mkate ni wa leo, na mimi namjibu ni wa leo, na anajua ni wa leo kwa sababu bado una moto. Kumbe nyumbani kwao mikate ilikuwa inarundikana mpaka mama yake akamwambia amlete huyo msichana mwenyewe, kwa sababu watu hawali tena kitu kingine. Huyo ndiye mume niliyempata, mshauri. Ananiita Keki. Akirudi kazini ananuka vanishi na mninga, na mimi nikisikia ile harufu tu inaingia uani moyo wangu unaanza kutembea haraka kuliko miguu.

Tunaishi kwenye vyumba viwili vya nyuma, ua mmoja na mama yake, na jiko ni moja. Sasa huyu mama yake ndiye ninayetaka kukueleza habari zake. Alikuwa mpishi mkuu wa shule ya bweni kwa miaka thelathini na moja, na mtaa mzima unamwita Mama Pua, tena kwa heshima, kwa sababu yeye hapiki kwa kuonja, anapika kwa kunusa. Wanasimulia kwamba alikuwa anasimama mlangoni mwa jiko la shule, masufuria manane yanachemka, halafu ananyoosha kidole kwenye la sita na kusema kitunguu cha humo kimeungua, na ukifunua, kweli kimeungua. Wasaidizi wake wakichovya kijiko ili kuonja alikuwa anawauliza kama wameajiriwa kupika au kula mchana mara mbili. Na siku ya sikukuu ndiyo kabisa, anafunga mlango wa jiko hataki kuona mtu, anapika peke yake tangu asubuhi, na chakula kikitoka ukoo mzima unanyamaza kwanza, halafu ndipo unaanza kula.

Mimi mama yangu mzazi alifariki nikiwa na miaka sita. Nililelewa na shangazi ambaye alinipenda, simsemi vibaya, lakini kwake jikoni palikuwa mahali pa kupita, unachemsha, unakula, unaosha, basi. Sikuwahi kusimama karibu na mama yeyote akiwa anapika. Kwa hiyo unaweza kufikiria nilivyoingia kwenye nyumba ya Mama Pua, nilikuwa natetemeka kuliko nilivyotetemeka siku ya harusi.

Basi wiki ya tatu ya ndoa nilibandika maziwa nikaenda chumbani mara moja kusoma ujumbe wa mume wangu, na wewe unajua ujumbe wa mume mpya hausomwi mara moja. Niliporudi maziwa yalikuwa yameungua, harufu imefika mpaka kwa majirani, na Mama alikuwa amekaa hatua tatu kutoka kwenye jiko anachambua mchele, ametulia tuli. Nilisubiri anigombeze. Akaendelea kuchambua mchele wake. Nikasema, Mama nisamehe kwa hii harufu. Akanyanyua uso, akaniangalia mimi, akaiangalia sufuria, na hapo ndipo nilipoona usoni mwake kwamba alikuwa hajui.

"Umejua," akaniambia, taratibu kabisa, kama mtu aliyekuwa anangoja nimfikie.

Akanieleza yote. Mwezi mmoja kabla ya harusi yetu alipata mafua mabaya, akalala siku kumi, mafua yakaisha lakini pua haikurudi. Hasikii kitunguu, hasikii sabuni, hasikii mvua ikianza kunyesha kwenye vumbi. Hata chakula cha harusi yetu alikipika kwa kukumbuka tu, akipima kwa vikombe kama mwanafunzi, na watu walivyomsifu alikwenda nyuma ya nyumba akalia. Daktari hajamwona, hataki, anasema akienda hospitali mtaa utajua kabla hajarudi. Akanishika mikono yote miwili, na mikono yake ina makovu ya moto ya miaka yote ile ya kazi, akaniambia, "Usimwambie mume wako. Watu wananiita Mama Pua. Nikikosa pua, mwanangu, mimi ni nani hapa?"

Aliniita mwanangu, mshauri. Nikaapa.

Tangu siku hiyo mimi ndiye pua yake. Nasimama karibu naye kwenye jiko, yeye anageuza, mimi nanusa. Nikikohoa mara moja maana yake kitunguu kimeiva, nikikohoa mara mbili maana yake kinataka kuungua, nikijikuna sikio maana yake viungo havijatosha. Mume wangu ameanza kuniuliza mbona nakohoa sana jioni, akaninunulia dawa ya kifua, nimeinywa chupa nzima kwa ajili ya mapenzi. Na huku tunapika Mama ananisimulia, jinsi mume wangu alivyokuwa mdogo anajificha chini ya meza ya jiko la shule anakula ukoko, jinsi alivyomlilia mbuzi wa shule aliyechinjwa akakataa nyama wiki mbili. Vitu ambavyo hata yeye mwenyewe havikumbuki, mimi ninavyo. Wifi yangu, dada yake mume wangu, hakuwahi kuruhusiwa kusimama pale hata mara moja, na juzi alinitania mbele ya watu kwamba nimempa mama yake dawa gani, nikacheka tu.

Hadi hapo nilikuwa naona ni jambo tamu. Lakini wiki mbili zilizopita Mama alitoa nyama kwenye friji ili iyeyuke barafu, akaiacha juu ya meza kutwa nzima kwenye joto lile, akaisahau, akairudisha, kesho yake akaitoa tena. Nilipoingia jikoni ilikuwa imeshakatwa na inasubiri mafuta yapate moto, na mshauri, ile nyama ilikuwa imeharibika mpaka macho yangu yakatoa machozi, na Mama anaimba. Niliimwaga yote. Tukawaambia watu kwamba ni paka wa jirani, na sasa maskini yule paka akipita ukutani mume wangu anamrushia maneno, na mimi namwombea paka msamaha kimoyomoyo.

Halafu Jumamosi iliyopita nilitoka kazini mapema, saa tisa mchana. Nilipofungua mlango wa uani gesi ilinipiga usoni. Mchuzi ulikuwa umefurika ukazima moto wakati Mama ametoka kuanua nguo, amerudi, ameona moto umezimika, na nilipoingia alikuwa amesimama mbele ya jiko, kiberiti mkononi, ameshatoa njiti. Nilimrukia nikamshika mkono kwa nguvu ambayo mkwe hamshiki nayo mama mkwe. Njiti ikaanguka.

"Imejaa?" akaniuliza.

"Imejaa, Mama."

Akakaa kwenye kigoda, akaiangalia ile njiti pale sakafuni muda mrefu.

Nikafunga mtungi, nikafungua madirisha, nikawasha feni, nikapunga kwa sinia mpaka mabega yakauma. Lakini harufu ilikuwa bado ipo kidogo na mume wangu alikuwa karibu kurudi, nikaona atauliza, na akiuliza siri itatoka, basi nikakimbia chumbani nikaleta manukato yangu ya harusi nikapuliza jiko zima, halafu nikawasha ule mshumaa wa harufu tuliopewa zawadi na wenzangu wa bekari. Mume wangu akaingia. Akaona mshumaa, mchana kweupe, akasikia manukato, akacheka akasema Keki umeshindwa kusubiri usiku, akanishika kiuno tukacheza pale jikoni bila muziki. Mama akageuza uso ukutani kama anayetuonea haya, lakini mimi niliona kwamba analia. Nilikuwa nacheza na mume wangu nimpendaye kuliko kitu chochote na miguu yangu ilikuwa ya baridi kama maji.

Sasa sikukuu imebaki wiki tatu. Watakuja watu ishirini na sita, watoto tisa kati yao. Mama amesema atapika kama kila mwaka, kuku sita, nyama, wali, na mlango utafungwa kama kila mwaka. Nilijua nitakuwa naye humo ndani, lakini ratiba ya kazi imetoka jana, na siku ya sikukuu mimi nimepangwa kaunta kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa sita mchana, kwa sababu mimi ndiye mgeni na wenzangu wote wana watoto, na sikukuu kwa bekari ndiyo siku kubwa kuliko zote. Mama atakuwa peke yake. Nilipomwambia alisema atafungua dirisha na Mungu yupo.

Na mume wangu, masikini, anajiandaa kumfurahisha mama yake. Amemnunulia jiko jipya la gesi la mafiga matatu, na anatengeneza kabati la chini la kuufichia mtungi, kwa sababu anasema mtungi unaharibu sura ya jiko la mpishi mkubwa. Alinipeleka karakana kunionyesha. Kabati zuri jamani, mlango wake unafunga bila uwazi hata wa unywele, aliufunga mbele yangu ukalia tap, kama mlango wa gari jipya, akaniangalia asikie nitasema nini, nikaanza kulia, akadhani ni kwa uzuri.

Mshauri, nifanye nini? Nikimwambia mume wangu nimevunja kiapo kwa mtu wa kwanza aliyeniita mwanangu tangu nikiwa na miaka sita. Nisipomwambia nasikia njiti ikiwaka kila nikifumba macho. Nilifikiri nidanganye kazini kwamba naumwa, lakini nitaumwa mara ngapi? Naomba unijibu upesi, na naomba usinione mbaya.

Ni mimi,
Mke wa Seremala

MSHAURI ANAJIBU

Mke wa Seremala,

Hongera ya ndoa. Nimeisoma barua yako mara mbili, ya kwanza nimekaa natabasamu, ya pili nimesimama. Sikuoni mbaya hata kidogo. Lakini leo nitakusema, kwa hiyo kaza moyo.

Umemnyang'anya mama mkwe wako kiberiti, halafu ukakitumia mwenyewe. Unaelewa ulichofanya? Gesi bado inanuka jikoni, wewe unawasha feni ya umeme, unapuliza manukato yanayoshika moto, halafu unawasha mshumaa. Mlicheza juu ya bomu, binti, na hamkulipuka kwa bahati tu. Gesi ikivuja huwashi kitu na huzimi kitu, si taa, si feni, si simu. Unafunga mtungi kama unafikika, unafungua milango na madirisha, unamshika mama yako mkono mnatoka nje, na mnakaa nje mpaka hewa itakapobadilika kabisa. Mume akirudi akasikia harufu, asikie. Harufu hiyo imewekwa kwenye gesi makusudi ili watu waisikie, na wewe ukaifunika kwa manukato.

La pili ndilo lililonisimamisha, na wewe umelipita ukilisifu. Lile kabati. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja inashuka chini inatulia. Mumeo, kwa mapenzi yake yote, anatengeneza sanduku la kuikusanya, na mbele ya sanduku hilo atasimama mtu asiyeweza kuisikia. Mtungi haukai ndani ya kabati lililoziba, hata kwenye nyumba ambayo kila mtu ana pua. Ukae nje ya nyumba, kivulini, mpira upitie ukutani. Isipowezekana, uachwe wazi karibu na dirisha, na kabati zuri liwekwe sahani. Sasa niambie, utamwambia mumeo avunje kazi ya mikono yake kwa sababu gani? Utamdanganya nini safari hii, paka?

Ndiyo maana jibu langu ni moja. Siri hiyo inatoka, na inatoka wiki hii.

Najua umeapa. Aibu ya mama huyu ni mali yake, na ungeweza kumtunzia mpaka kaburini, ningekupongeza. Kama jambo lingekuwa viungo vimezidi au vimepungua, ningekwambia kohoa hadi uzeeni. Lakini hakuna mtu anayeweza kukuapisha juu ya mtungi wa gesi na matumbo ya watoto tisa. Kiapo hicho hakikuwa chako kukitoa wala chake kukiomba, na nadhani yeye mwenyewe amejua hivyo tangu alipokaa kwenye kigoda akaiangalia njiti.

Sasa nikuambie lile ambalo hutalipenda. Hunyamazi kwa ajili yake tu. Umekua bila mama wa kusimama naye jikoni, na ghafla umepewa mmoja, mzima, mwenye hadithi, na mlango umefungwa mko wawili ndani. Unaogopa kwamba siri ikitoka na mlango utafunguka, na watu wengine wataingia. Wifi yako ametania kwa maneno, lakini huyo ni mtoto wa kike aliyesimama nje ya jiko la mama yake maisha yake yote, na wewe ukacheka tu. Siulaumu moyo wako, ulikuwa na njaa. Lakini upendo unaohitaji mtu mmoja awe hatarini ili udumu, huo urekebishe mapema, ukiwa bado mpya.

Tuje kwenye chakula chenyewe, maana hapo mmekosea wote wawili. Mnadhani pua ndiyo ilikuwa inawalinda. Pua inasaidia, lakini nyama inaweza kuwa na vijidudu vya kumlaza mtoto hospitali na isinuke kitu. Kinachowalinda ni saa, baridi na moto. Nyama iyeyushwe barafu ndani ya friji tangu siku moja au mbili kabla, kamwe si juu ya meza. Kuku mbichi awe na ubao wake na kisu chake, na mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kugusa saladi. Mapaja ya kuku yakatwe mpaka mfupani, mkiona wekundu au maji ya damu, yarudi jikoni, hata kama wageni wameshanawa. Chakula kilichopikwa kisikae mezani zaidi ya saa mbili, wali hasa, watu wanaudharau. Kigawanywe kwenye vyombo vidogo kipoe upesi kiingie friji, na kesho yake kipashwe mpaka kifoke mvuke. Kila chombo kibandikwe karatasi yenye siku kilipoingia. Mama yako aliongoza jiko la shule, haya yote anayajua kuliko mimi. Alikuwa anayafanya, sifa ikaenda kwa pua. Mkumbushe kwamba hakuna shule inayomweka mtu jikoni miaka thelathini na moja kwa pua tu.

Na ulimi wake bado upo. Asiyesikia harufu kwa kawaida husikia chumvi, sukari na ndimu. Aonje. Najua alichowaambia wasaidizi wake, aonje hivyo hivyo.

Siku ya sikukuu wewe nenda kazini, usimdanganye mwajiri wako. Atakayesimama na Mama jikoni ni wifi yako. Utamfundisha wewe mwenyewe, kabla ya siku hiyo, nini cha kunusa na lini. Itakuuma kidogo. Ikuume. Mlango ubaki wazi, dirisha wazi, na asitoke mtu jikoni moto ukiwa unawaka, hata kuanua nguo mvua ikinyesha. Mumeo apake povu la sabuni kwenye mpira na viungio vya mtungi, akiona mapovu yanachemka avibadilishe. Anunue pia kile kifaa kidogo cha ukutani kinacholia gesi ikivuja, akifunge chini karibu na sakafu, mahali gesi inapotulia. Na Mama aende kwa daktari wa masikio, pua na koo. Pua iliyoondoka na mafua wakati mwingine hurudi, polepole, ila sikuahidi, na wewe usimwahidi.

Jinsi ya kusema. Usimpitie Mama mgongoni ukaanzia kwa mumeo. Nenda kwake yeye, mchana, nyumba ikiwa tulivu, umwambie kwamba Jumapili mwanawe atajua, na kwamba unataka asikie kutoka kwa mama yake na si kutoka kwako. Kama Jumapili itapita hajasema, utasema wewe, akiwepo. Atakasirika. Anaweza akakutamkia kwamba wewe si wake, watu wenye hofu husema hivyo. Usijibu na usikimbilie chumbani. Chukua vitunguu, kaa hapo hapo, menya. Akinyamaza, menya vingine. Wala usinichezee mchezo wa kuliacha gazeti hili wazi juu ya meza alione mwenyewe, wewe ukajifanya umetoka. Hilo nimeliona kwenye nyumba nyingi na ni uoga.

Na ulimi wako ukiwa mzito, usianze na gesi wala nyama. Anza hivi: "Mama, nimeshazika mama mmoja." Halafu mwache yeye akuulize.